Nyamweru Hakwenda Bukima

Wifi yangu Nyangeta,

Nimesema. Lile jambo letu nimelisema, tena si kwa mtu mmoja pembeni. Nimelisema kwenye mkutano, mchana, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, na kaka yangu Masatu wa Bukima amekaa mbele kabisa na kofia yake. Ukitaka kununa, nuna. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana tangu ukiwa hai tabia yako ilikuwa kunikatiza.

Naandika kwa furaha. Mwandiko wangu unaujua, ni ule ule wa ngumbaru, herufi kama kuku amepita. Tulikaa benchi moja wewe na mimi ulipokuwa bado hapa unamuuguza mama, watu wazima na watoto mgongoni, ukajua kusoma kabla yangu na hukuacha kunikumbusha mpaka umeingia kaburini. Basi soma sasa.

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike Nyamuswa. Kaka yako Magesa macho yanamwishia, ng'ombe anawatambua kwa kuwapapasa, na ubishi umeongezeka kufidia macho. Josho la kijiji bado halifanyi kazi. Mvua ilikuja nyingi, nyasi zikapanda, kupe wakapanda nazo, na ndigana kali ikarudi kama ile ya ujana wetu. Kwa jirani zetu ndama walikuwa wanavimba tezi chini ya masikio, homa, povu puani, siku chache kwisha. Watu walichoka kuchimba mashimo.

Kwetu hakufa hata mmoja.

Unadhani watu walifurahi pamoja nasi? Walituangalia kwa jicho lile unalolijua. Mke wa jirani akaniuliza kisimani, "Bibi Wakuru, nyie mnawapaka nini?" Nikamwambia nawapaka mdomo wako. Akabeba ndoo yake akaondoka.

Ndipo wakaja watu wa utafiti. Kiongozi wao ni binti, Daktari Upendo, daktari wa mifugo, kwao Mbeya. Ukimwona utafikiri ni mtoto wa kidato cha pili, lakini dume la ng'ombe analiangusha chini kwa kamba moja huku anaongea na simu. Wakatoa damu kwenye masikio ya ndama zetu wote, wakaenda nayo Musoma kuipima. Waliporudi, yule binti alikuwa anakimbia. Akasema, "Bibi, ndama wako wote wana vimelea vya ndigana kwenye damu. Wote. Na wananyonya."

Nikamuuliza, kwa nini?

Akasema, "Bibi, hatujui."

Wifi, nilikasirika. Nikamwambia, wewe umesoma miaka yote hiyo, umekuja na gari lenye antena, umetoboa masikio ya ng'ombe zangu, halafu unasimama kwangu kuniambia hujui? Hakuona haya. Alicheka akasema, "Tungejua, Bibi, tusingekuja." Akaniambia dunia nzima kuna watu wanahangaika na jambo hilo hilo, kwa nini ndama mmoja anakufa na mwenzake aliyeumwa na kupe wale wale anapata homa kidogo anainuka. Chanjo ipo, dawa ipo ukiwahi, lakini siri ya hao wanaoinuka wenyewe haijafunguka. Wana vidokezo tu. Hapa kidogo, pale kidogo. Jibu zima hakuna mtu analo, mweusi wala mweupe.

Nikavuta kigoda nikakaa. Maana lile swali nalijua. Nimeishi nalo. Ni lako.

Nani asiyekumbuka ulivyotuchosha? Ulirudi nyumbani kumuuguza mama, umeolewa juzi tu, ng'ombe za mahari yako hata hazijazoea zizi la baba yako. Ndigana ikaingia. Wakafa ndama, wakafa wakubwa, watu wanachoma tezi kwa chuma cha moto na bado wanakufa. Na yule mtamba mwenye tumbo jeupe, Nyamweru, aliyetoka Nyamuswa kwenye mahari yako, akalala chini siku mbili. Siku ya tatu akasimama akaanza kutafuna pindo la kanga yako. Ulinisimulia hilo mara ngapi mimi sijui.

Ukamuuliza baba, kwa nini huyu? Akasema bahati. Ukamuuliza bwana mifugo, akakwambia mwogeshe. Ukamuuliza padri wa Nyegina, akasema ni siri ya Mungu, na wewe bila adabu ukamjibu kwamba Mungu hawezi kuwa na siri na mtamba. Kila mwaka ulikuwaga unakuja kutoka Nyamuswa, kabla hujanywa hata maji unaingia zizini kuhesabu nani aliumwa, nani aliinuka, ni mtoto wa nani. Mimi nikawa nakwambia, "Kamua, acha kuuliza. Maswali hayatoi maziwa."

Nilikosea. Naandika mara moja tu, usinitake nirudie.

Sasa nije kwenye lile jambo. Ulijua kwamba mimi nitaolewa kwa ng'ombe zako. Ndivyo ilivyokuwa, walioletwa kukuoa wewe ndio watakaokwenda Bukima kunioa mimi kwa ajili ya kaka yako. Na wazee wa kwetu Bukima walipokuja kuchagua, mjomba wangu alinyoosha fimbo yake, "Na yule mwenye tumbo jeupe." Nyamweru akahesabiwa wa kwetu. Siku ya kuwatoa, asubuhi na ukungu, nani alikuwa amesimama mlangoni pa zizi anafungua miti? Wewe. Ukamzuia Nyamweru kwa ndani, ukamtoa mtamba mwingine mwenye tumbo jeupe, yule aliyenunuliwa mnadani, asiyejulikana mama wala baba. Akaenda Bukima kwa jina la Nyamweru. Na Nyamweru mwenyewe akabaki kwenu, akaitwa Mnada mpaka amekufa kwa uzee.

Baba mkwe aliliona lile. Wewe mwenyewe ulinieleza, alikohoa, akatazama mlimani, akaenda kunywa uji.

Ningejuaje mimi? Nilikuja hapa bibi harusi, kifua mbele. Kisimani nikawa nawatambia wanawake wenzangu kwamba mimi si wa kuolewa kwa vindama, mimi nimeolewa kwa Nyamweru aliyeishinda ndigana. Ukanivuta sikio mpaka nyuma ya ghala. "Mpumbavu wewe, Nyamweru unamkamua kila siku. Ulikuja kwa ng'ombe wa mnada. Na ukifungua mdomo, baba yako atakuja kukuchukua." Nililia siku nzima. Kesho yake nikaenda kisimani nikatamba vile vile, kwa sauti zaidi. Nimetamba miaka hamsini na ushee. Kila anapoletwa mkamwana hapa, mimi ndiye nasimama kumwambia mimi niliingia kwa Nyamweru, wewe je? Na wewe ulikuwaga unakaa pembeni, unatafuna nyama, unanitazama na jicho moja.

Basi elewa nilikuwa nimekalia nini siku ya mkutano.

Daktari Upendo alikuja na karatasi kubwa, akaibandika ukutani pale ofisi ya kijiji. Alitaka ukoo wa ng'ombe, nani kamzaa nani. Akauliza kama kuna daftari. Watu wakacheka. Nikamwambia, binti, ng'ombe wa huku haandikwi. Ukitaka kujua ametoka wapi, uliza nani aliolewa. Mimi nikaanza kutaja, huyu alikwenda na harusi ya fulani, mtoto wake akarudi na harusi ya fulani, mjukuu wake alimwoa yule pale aliyevaa kitenge cha njano. Wazee walitaja, lakini mimi niliwapita wote, na sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Binti anachora mistari mpaka kalamu inakwisha wino. Aliniambia, "Bibi, wewe ni maktaba." Nikamwambia mimi ni mke wa mtu.

Ndipo wakafika kwa Nyamweru. Yule mtamba maarufu aliyeinuka, alikwenda wapi? Mkutano mzima kwa sauti moja, Bukima, alimwoa Bibi Wakuru. Masatu akasimama na kofia yake. Akasema ndiyo, wajukuu na vitukuu wake wapo kwake, au walikuwepo, maana mwaka huu ndigana imewafyeka kama wa watu wengine, amebaki na wanne. Binti akauliza, na hawa wa Mzee Magesa wasiokufa, wametoka kwa nani? Wakajibu, kwa ng'ombe mmoja wa mnada, hajulikani alikotoka.

Nikaona uso wa yule mtoto unaanguka. Akawaeleza watu kwa upole. Kama wajukuu wa yule aliyeinuka wanakufa, basi kuinuka kule hakurithiwi. Na hawa wengine, mwanzo wao haujulikani, hakuna pa kufuata. Akachukua kalamu nyekundu akapiga mstari toka Nyamweru mpaka Bukima. "Njia hii tunaifunga," akasema. "Tutaangalia malisho na kupe." Mwenzake akaanza kubandua karatasi.

Wifi, niliitazama ile karatasi ikibanduliwa. Nikasema moyoni, nyamaza, Wakuru. Wewe mwenyewe ni mzee, umebakiza miaka mingapi ya kutamba? Masatu atasema tulimdanganya baba yetu. Watu watamwita Nyangeta mwizi, naye amekufa, hawezi kuinuka kujibu. Kila mkamwana niliyemdharau yupo pale anasikiliza. Nikahesabu vidole.

Lakini nikamwona yule binti anaikunja ile karatasi, na ndani yake ni uongo wetu. Anaupeleka Musoma. Ataingiza kwenye kompyuta. Watausoma Dar es Salaam, watausoma Ulaya, watu waliosoma mpaka nywele zimetoka watafunga ile njia kwa sababu ya wasichana wawili wa zizini. Na swali lako, lile lile ulilolifanyia wizi, litakufa kwa wizi huo huo. Hapo nikasimama.

Nikasema, "Binti, kunjua hiyo karatasi. Nyamweru hakwenda Bukima."

Kaka yako akasema, "Wakuru, kaa chini, jua limekupiga."

Nikasema jua halijanipiga, na sikukaa. Nilieleza yote, mlango wa zizi, ukungu, mtamba wa mnada. Nilitaja jina lako wazi. Nikasema na mimi nilijua na nikanyamaza, kwa hiyo tuchapeni wote wawili, mmoja hayupo.

Masatu alivua kofia. Akasema, "Dada, unaniambia baba yetu alikutoa kwa ng'ombe wa mnada?"

"Nimekwambia hivyo."

"Na miaka yote ile ulikuwa unatutambia sisi?"

"Nilikuwa natamba."

Mzee mmoja nyuma alianza kucheka mpaka wakampiga mgongo. Toka siku ile watoto wa kijiji kizima wananiita Bibi Mnada. Juzi hata mtu wa bodaboda aliniuliza, "Bibi Mnada, unashukia wapi?" Nilimpiga na mkoba, nikapanda.

Jioni nilimwandalia Magesa chakula, akaanza kula. Halafu akaweka tonge chini akauliza, "Na baba alijua?" Nikasema alijua. Wifi, mume wangu alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Akasema, "Nyangeta. Nyangeta yule." Halafu akalia. Mimi nilimwacha, nikatoa vyombo.

Lakini hayo ni yetu. Ungemwona Daktari Upendo. Aliikunjua ile karatasi upesi. "Bibi, rudia pole pole." Nikarudia. Akafuta Bukima, akaandika Nyamweru juu ya ng'ombe zetu wote, halafu akaniuliza, "Na yeye kabla ya hapa alitoka wapi?" Nikamwambia hilo ndilo rahisi, alitoka Nyamuswa kwa watu waliomwoa wifi yangu. Yule mtoto aliruka. Kwa sababu huko wangekuwepo ndugu zake, uzao wa mama yake Nyamweru, kama hawajakwisha.

Kesho yake tulikuwa njiani. Mimi nilikaa mbele, nikakataa kushuka Bunda kunywa soda, tungechelewa. Kwa shemeji zako tulikuta ng'ombe hao wapo, wa tumbo jeupe na wa rangi nyingine, na mke wa shemeji yako mmoja alitaja uzao wao kwa harusi kama nilivyotaja mimi, hakukosea hata moja. Wakatoa damu. Vimelea vimejaa, ndama wanarukaruka. Isipokuwa mmoja. Mmoja, wa uzao huo huo, alikuwa amekufa wiki ile, ngozi bado imeanikwa. Nikaona aibu, nikafikiri sasa binti atakata tamaa. Aliichuchumalia ile ngozi kama amepata zawadi. Akasema huyu aliyekufa huenda atatufundisha kuliko waliosimama. Ana nini, au amekosa nini? Nilimtazama nikasema, Mungu wangu, Nyangeta amesoma.

Kaburi lako nililiona kwa dirisha la gari. Sikuweza kushuka. Nilitaka kukuita, watu wakawa wengi. Ndiyo maana naandika.

Halafu wakanipeleka Musoma kwenye chumba chao. Wakaniweka kwenye darubini. Mwanzo niliona kope zangu tu. Halafu nikaona chembe za damu, duara duara, na ndani yake vidoa vidogo vya zambarau, kama mtu amechovya sindano akagusa. Nikawauliza, ni hivi? Hivi ndivyo vilivyomaliza ng'ombe za baba yako, vikawatawanya watu, vikarudisha mabinti nyumbani kwa sababu mahari imekufa njiani? Vidogo hivi? Nilitaka kuvitukana nikakosa tusi la saizi yake. Nilikaa pale mpaka mtu mwingine akaomba kutazama.

Nilimuuliza Daktari, sasa mmejua? Akasema, "Bado, Bibi. Sasa tumejua pa kuuliza." Akacheka. Na mimi nikacheka, ingawa zamani ningemwambia maswali hayatoi maziwa.

Limebaki la Masatu. Alikwenda kwa wazee kushtaki, na ana haki. Wakakaa siku mbili. Wakaamua kwamba Bukima inadai mtamba wa uzao wa Nyamweru, wa kweli, na atoke zizini kwetu. Nilidhani Daktari Upendo atakataa ng'ombe zake za utafiti zisihame. Alipiga makofi. Akasema hicho ndicho alichokuwa hajui ataombaje. Kitukuu wa Nyamweru ale majani ya Bukima, aumwe na kupe wa Bukima wale wale waliowaua wa Masatu, na wale wanne wa Masatu wawili waje kwetu. Tuone kama ni damu au ni mahali. Mmoja hatoshi, alisema, na wawili hawatoshi, lakini uchunguzi lazima uanze na mguu mmoja. Dawa atakuwa nayo tayari kwa wote. Masatu akauliza, kwa hiyo kesi yangu ni shule? Binti akamjibu, "Ndiyo, Babu, na wewe ni mwalimu." Amevimba kichwa, haongeleki.

Kaka yako alitaka kutoa yule mwenye pembe moja. Nilisimama mlangoni pa zizi. Nikamwambia, Magesa, kwenye mlango huu mwanamke wa ukoo wako alishawahi kubadilisha ng'ombe, hatarudia mwanaume. Nimemchagua mwenyewe, mwekundu, mama yake anatoa maziwa mengi kuliko wote, na roho iliniuma. Kibali cha kumsafirisha kimetoka.

Najua ungekuwepo ungenigombeza kwa kutoa mzuri. Najua pia ungepanda gari kwenda Bukima kumkagua kila wiki. Ukweli, wifi, nimekukumbuka mwezi huu kuliko siku ile ya msiba. Siku ya msiba nilikuwa na wageni wa kulisha. Sasa nina habari, na mtu wa kuzisikia kama zinavyopaswa kusikiwa hayupo. Magesa anasema vizuri, vizuri. Wewe ungesema, halafu?

Kwaheri, Nyangeta. Jumamosi nakwenda Bukima na huyo mtamba, wamesema nikae mbele na dereva, nimekataa, nitakaa nyuma nimemshika kamba mwenyewe mpaka mkononi kwa Masatu. Tumedanganya vya kutosha, mimi na wewe. Akisimama nitakuja Nyamuswa kukuambia. Akianguka nitakuja vile vile, nikae hapo kaburini nikueleze tezi ipi ilianza kuvimba, siku ya ngapi, na alikula nini asubuhi yake.

Mimi wifi yako,
Wakuru